Unga wa Xerxes: Vita vya Wagiriki na Waajemi Vikitazamwa Kutoka Kariakoo



Rafiki yangu mmoja aliposikia kichwa cha mhadhara huu aliniuliza mambo ya miaka elfu mbili na mia tano iliyopita yanatafuta nini Mnazi Mmoja, watu wakiwa na shughuli zao. Nilimwambia ukumbi wenyewe una jina la Mgiriki. George Arnautoglu alikuwa mfanyabiashara wa Kigiriki hapa Tanganyika, na jumba hili lilijengwa miaka ya 1950 kwa fedha alizotoa. Kwa hiyo Wagiriki tunao. Waajemi nao si wageni: kuanzia Kilwa hadi Unguja wapo wanaosema babu zao walitoka Shirazi, na chama cha Afro-Shirazi, kilichozaliwa mwaka 1957, kilibeba jina hilo mpaka kilipoungana na TANU mwaka 1977. Asili hiyo ina mjadala wake, na leo siugusi, maana tukiuanza tutatoka humu adhana ya alfajiri inalia.

Kilichonileta ni mtaa ulio upande wa pili wa uwanja huu. Septemba 1916 Waingereza waliingia Dar es Salaam. Walikuta jengo la soko ambalo Wajerumani walikuwa wamelijenga wakitarajia kulifungua katika sherehe za Kaiser wao, vita vikawawahi. Waingereza wakaligeuza kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, na wenyeji wakalitamka walivyolisikia: Kariakoo. Nairobi nako wakapata Kariokor yao. Soko lilianza kazi yake mwaka 1923. Jengo tulilolizoea sisi, lile la mbunifu Beda Amuli lenye paa la zege la umbo la miavuli, lilifunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1975, likaungua Julai 2021. Haya mnayajua. Miji mingi duniani ina viwanja na barabara zenye majina ya majenerali. Sisi tuna soko lenye jina la wabeba mizigo. Basi nimejiuliza: vita vile vya kale, ambavyo kila mtu amevisimulia kutoka upande wa mfalme au wa shujaa, vingesimuliwaje na mtu aliyekaa Mtaa wa Mkunguni akitazama nani anabeba nini?

Nitapita haraka kwenye habari yenyewe kwa ajili ya wasioikumbuka. Ugiriki wa wakati ule haukuwa nchi moja. Ulikuwa na mamia ya miji, kila mji na serikali yake, kama zilivyokuwa Kilwa, Mombasa, Malindi na Pate, na kama hiyo ya kwetu, haikupendana. Uajemi ulikuwa dola lililoanzia mipaka ya Bara Hindi hadi Misri na pwani ya Uturuki ya leo. Mwaka 499 KK miji ya Kigiriki iliyokuwa chini ya Waajemi iliasi, Athens ikaisaidia, uasi ukazimwa. Mfalme Dario akatuma jeshi kuiadhibu Athens, likapigwa Marathon mwaka 490 KK. Miaka kumi baadaye akaja mwanawe Xerxes mwenyewe, kwa nchi kavu na kwa bahari. Wasomaji wa Biblia mnamjua: wanazuoni wengi husema ndiye Ahasuero wa kitabu cha Esta, yule aliyemfukuza Vashti. Xerxes alipita mlango wa Thermopylae, akaichoma Athens, merikebu zake zikapigwa Salamis Septemba 480 KK, akarudi nyumbani. Jeshi alilomwachia shemeji yake Mardonius likavunjwa Plataea mwaka uliofuata. Vitabu vya shule vinaishia hapo, na ile filamu ya 300 ilichukua siku tatu tu za humo ikazijaza misuli na damu.

Karibu yote haya tumeyapata kwa mtu mmoja, Herodotus, mzaliwa wa Halicarnassus, mji wa Kigiriki uliokuwa chini ya Uajemi, ambao leo ni Bodrum nchini Uturuki. Herodotus ni msimuliaji anayependa kuchepuka. Anaanza habari ya vita, mara yuko kwenye mamba wa Misri. Wasomaji wenye haraka huiruka michepuko yake, na humo ndimo wamo wapagazi.

Chukua siku ile ya hesabu. Jeshi limefika uwanda wa Doriscus, pwani ya Thrace, na Xerxes anataka kujua ana watu wangapi. Wakakusanywa askari 10,000, wakasonganishwa kadiri walivyoweza kusongana, ukachorwa mstari kuwazunguka. Wakatolewa, na juu ya mstari ule ukajengwa ukuta mfupi, wa kufika kitovuni. Kisha wakaingizwa wengine hadi pakajaa, wakatolewa, wakaingizwa wengine, kama muuza mchele anavyopima kwa debe. Ukuta ulijaa mara 170, na hiyo ni sawa na askari wa miguu 1,700,000. Herodotus anaongeza wapanda farasi, mabaharia na wale waliolazimishwa kujiunga njiani, anafika wapiganaji 2,641,610. Hakuna mwanahistoria anayekubali tarakimu hizo leo. Wengi hawavuki laki mbili au tatu. Lakini si hilo ninalotaka mlione.

Akishawamaliza wapiganaji, Herodotus anawageukia watumishi, wabeba mizigo na mabaharia wa vyombo vya chakula. Hawa hakuna aliyewaingiza ndani ya ukuta. Anasema hadhani kwamba walikuwa pungufu ya wapiganaji, kwa kweli anadhani walizidi, ila atawaweka sawa. Basi anazidisha kwa mbili: 5,283,220. Nusu ya jeshi imepatikana kwa kukisia. Wanawake wapishi, masuria, wanyama wa mizigo na mbwa wa Kihindi waliofuata msafara, hao anasema hakuna awezaye kutaja idadi yao.

Hata hivyo siwezi kumlaumu, kwa sababu sentensi inayofuata hakuna mwandishi mwingine wa vita vile aliyetuachia. Anauliza watu wote hao walikula nini. Anachukua kipimo cha ngano kwa mtu kwa siku, kipimo kinachokaribiana na kibaba chetu cha zamani, anapiga hesabu na kupata magunia yao, medimni, 110,340 kila siku. Medimno moja ilikuwa na vipimo 48. Gawanya mwenyewe nyumbani: haitoki 110,340, inatoka 110,067. Alikosea kugawanya. Mimi nampenda zaidi kwa kosa hilo. Majenerali wangapi wameandika kumbukumbu za vita vyao bila hata kujaribu kugawanya unga?

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa Kariakoo hawezi kuliruka. Ili kuvuka mlango wa bahari wa Hellespont kutoka Asia kuingia Ulaya, Xerxes alifunga merikebu kwa kamba za kitani na za mafunjo, akatandika mbao na udongo juu yake. Wengi husimulia kwamba alijenga daraja. Yalikuwa mawili. Moja lilisimama juu ya merikebu 360, jingine juu ya merikebu 314. Kwenye lile la merikebu 360 walipita askari wa miguu na wapanda farasi. Kwenye lile la 314 walipita wanyama wa mizigo na watumishi. Jeshi lilivuka siku saba mchana na usiku bila kupumzika, chini ya viboko, na mfalme ameketi ng'ambo akitazama. Wakoloni waliotugawia mji huu Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, wakauacha uwanja huu wa Mnazi Mmoja wazi katikati, hawakuwa wa kwanza kufikiri kwamba watu wa aina mbili wasipite njia moja.

Sasa tuje kwenye chakula. Xerxes hakuwa mjinga. Maghala ya nafaka yalitayarishwa mapema kwenye pwani ya Thrace na Macedonia, na mfereji ukachimbwa kwa miaka mitatu kwenye shingo ya rasi ya Athos ili merikebu zisivunjike kwa dhoruba. Wachimbaji walikwenda kwa zamu na kwa viboko, na unga wao uliletwa ukiwa umesagwa kutoka Asia. Lakini maghala hayakutosha, na mzigo ukawaangukia watu wa njiani. Kila mji ambao mfalme angepita uliamriwa kuandaa chakula cha jioni. Raia walisaga unga kwa miezi, wakanunua mifugo iliyonona, wakafuga ndege wa nchi kavu na wa majini, wakatengeneza vikombe vya dhahabu na fedha kwa meza ya mfalme, ambavyo wageni waliondoka navyo asubuhi. Kisiwa cha Thasos kilitumia talanta 400 za fedha kwa mlo mmoja. Mzee mmoja wa Abdera aitwaye Megacreon aliwashauri wenzake waende mahekaluni wakashukuru kwamba Xerxes hana desturi ya kula mara mbili kwa siku, maana wangeambiwa waandae na chakula cha mchana, ama wakimbie, ama wafilisike kuliko watu wote duniani.

Abdera ilinusurika kwa mzaha. Ugogo hapakuwa na wa kufanya mzaha. Katika vita vya 1914 hadi 1918 majeshi yote mawili yalipita pale, Wajerumani wakichukua ng'ombe, nafaka na watu, kisha Waingereza wakichukua kilichobaki, na mvua ilipokosekana ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Inakadiriwa watu 30,000 walikufa. Hawakufa kwa risasi, na tarehe za vita tunazowafundisha watoto hazina nafasi ya Mtunya, kwa sababu ilifika kilele chake bunduki zikiwa zimeshahamia kusini.

Niwaonyeshe kwa hesabu ndogo kwa nini jeshi la Waingereza lilikula watu kiasi kile. Mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe, barabara za magari hazikuwepo, na reli iliishia pale ilipoishia. Mpagazi alibeba kama kilo 25. Mpe kilo moja tu ya chakula kwa siku. Mtume mahali pa siku kumi kwa mguu, na arudi siku kumi. Amekula kilo 20. Amefikisha kilo tano. Ukitaka kumlisha askari mmoja aliye mbele kwa siku tano, umetumia mtu mmoja na siku ishirini za maisha yake, na bado hujamfikishia risasi, dawa wala hema la afisa. Kila hatua jeshi linaposonga mbele, kilo zinazofika zinapungua na idadi ya wabebaji inapanda. Ukifika umbali wa siku kumi na mbili na nusu, mpagazi anamaliza mzigo wake mwenyewe, na jeshi halipati kitu. Hesabu hiyo ndiyo iliyoijaza kambi ya Kariakoo.

Mwanzoni mwa mwaka 1917 njia moja ya mizigo ilitoka stesheni ya Mikese, mashariki ya Morogoro, ikashuka kusini hadi Mto Rufiji. Mvua zilizonyesha zilifunika mabonde. Askari wa Nigeria walioletwa kusaidia wakakwama Rufiji kwa nusu posho, wakachimba mizizi porini. Xerxes naye, aliporudi kwao baada ya Salamis, alitembea siku 45 hadi Hellespont na jeshi lililokula majani na magome ya miti, kuhara damu kukiwaangusha njiani. Kuhara damu huko huko ndiko kulikowaua wapagazi wetu kuliko risasi. Watu wa milimani waliozoea ndizi na viazi walipewa unga wa mahindi, na muda wa kuupika haukuwepo, wala sufuria za kutosha. Ukichanganya na malaria, nimonia na kulala kwenye maji, hapakuhitajika adui.

Katika eneo la njia hiyo, Beho Beho, tarehe 4 Januari 1917, aliuawa Frederick Selous, mwindaji na kapteni wa Kiingereza. Kaburi lake lipo, lina jina, na hifadhi ya wanyama ikaitwa kwa jina lake kwa takribani miaka mia. Sina ugomvi na marehemu. Nasema tu kwamba chakula alichokula asubuhi ile kilifika Beho Beho kichwani mwa mtu.

Upande wa Waingereza na washirika wao waliandikishwa wapagazi wapatao milioni moja katika vita vile, wengine kwa ujira, wengi kwa kukamatwa vijijini. Takwimu rasmi za waliokufa zinakaribia 95,000, na wanahistoria waliozichunguza wanasema walizidi 100,000. Upande wa Wajerumani, chini ya Jenerali Lettow-Vorbeck, aliyezunguka na jeshi lake hadi Msumbiji na kurudi mpaka akaweka silaha chini Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, wapagazi walikamatwa mahali pamoja na kuachwa mahali pengine, na walioanguka hawakuandikwa. Ni Doriscus tena: askari ana daftari, mpagazi ana makisio.

Turudi Plataea, maana pale ndipo wabeba mizigo walipoamua vita, ingawa sifa walipewa wengine. Wagiriki walijipanga kwenye vilima chini ya Mlima Cithaeron, Waajemi ng'ambo ya Mto Asopus. Siku nyingi zikapita hakuna anayethubutu kuvuka. Kwa mujibu wa Herodotus, Wasparta 5,000 walikuja na Wahiloti 35,000, saba kwa kila bwana mmoja. Wahiloti walikuwa wakulima watumwa wa Sparta, wengi wao watu wa Messenia, nchi iliyotekwa zamani. Ndio waliolima, waliopika, waliobeba ngao na chakula. Wasparta hawakufanya kazi nyingine ila vita kwa sababu kazi zote zilikuwa na watu wake.

Mardonius alielewa hili kuliko wanaomwandika. Hakuwashambulia Wasparta. Usiku alituma wapanda farasi kwenye mlango wa mlima, wakauvamia msafara wa wanyama 500 waliobeba chakula kutoka Peloponnese, wakawachinja wanyama na watu bila kuchagua hadi walipochoka kuua. Tangu hapo watumishi waliotumwa kuchukua chakula hawakuweza kurudi kambini. Kisha wapanda farasi wakaifikia chemchemi ya Gargaphia, ambako jeshi zima lilikuwa linateka maji, wakaivuruga na kuifukia. Njaa na kiu ndivyo vilivyomfanya Pausanias, kamanda wa Wagiriki, aamuru kuhama usiku. Uhamaji ukavurugika, vikosi vikapoteana, kukapambazuka Wasparta na washirika wao wa Tegea wako peke yao, na Mardonius akadhani wanakimbia. Akavuka mto. Ndipo vita vikapiganwa, na Mardonius akafa humo. Walimu wangu walinifundisha Plataea kama ushindi wa mkuki mrefu dhidi ya mkuki mfupi. Sikatai, mkuki ulifanya kazi yake asubuhi ile. Ila asubuhi ile isingekuwepo kama wanyama wale 500 wangefika salama.

Vita vilipokwisha, Pausanias aliwaamuru Wahiloti wakusanye nyara kwenye kambi ya Waajemi. Wakakuta mahema yaliyodariziwa dhahabu, vitanda vya fedha, mikufu, vikuku. Kilichoweza kufichwa wakakificha, wakawauzia wafanyabiashara wa kisiwa cha Aegina, na Waegina wakanunua dhahabu kwa bei ya shaba kwa kuwa Wahiloti hawakuijua. Herodotus anasema utajiri mkubwa wa Aegina ulianzia hapo. (Naona watu wa Mtaa wa Kongo mnacheka. Hamna haja ya kuelezwa.)

Makaburi je? Herodotus anatoa hesabu ya waliokufa kwenye pigano lile: Wasparta 91, watu wa Tegea 16, Waathens 52. Wahiloti hawamo kwenye hesabu. Lakini anaeleza kwamba Wasparta walichimba makaburi matatu, moja la vijana wao, la pili la Wasparta wengine, la tatu la Wahiloti. Kwa hiyo walikufa, na walikuwa wengi kiasi cha kuhitaji kaburi lao. Marathon nako, msafiri Pausanias, si yule kamanda, mwingine aliyeishi zaidi ya miaka mia sita baadaye, aliona kaburi la watu wa Plataea pamoja na watumwa, waliopigana siku ile kwa mara ya kwanza. Na Thermopylae, vita vya wale mia tatu, Xerxes alipowaonyesha mabaharia wake maiti za maadui, walidhani wote ni Wasparta na watu wa Thespiae, kumbe walilala humo Wahiloti pia. Kuna Msparta mmoja, Eurytus, aliyekuwa mgonjwa wa macho, haoni. Aliposikia wenzake wamezungukwa, alimwamuru mhiloti wake ampeleke vitani. Mhiloti akamshika mkono, akamfikisha, kisha akakimbia. Bwana akafa akawa shujaa mwenye jina. Mhiloti hana jina, na wasomaji wa karne zote wamemwona mwoga. Mimi nadhani alikuwa mtu pekee mwenye akili timamu Thermopylae siku ile.

Hapo ndipo ninapoachana na simulizi ya kawaida, ile isemayo kwamba hivi vilikuwa vita vya uhuru dhidi ya utumwa. Waathens walikuwa na haki ya kuilinda nyumba yao. Ningekuwa mimi ningeshika kasia. Na makasia ya Salamis yalivutwa zaidi na raia maskini, 170 kwa kila merikebu, ambao baadaye walidai sauti yao kwenye baraza la mji wakaipata. Hilo ni jambo kubwa. Lakini uhuru uliookolewa Plataea ulikuwa umebebwa mgongoni na Wahiloti, nao hawakupewa.

Tena tukitaka kusikia watu wa kazi wakitajwa, inatubidi twende kwa hao hao Waajemi wanaoitwa mabwana wa watumwa. Mwaka 1933 na 1934 wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Chicago walipata Persepolis maelfu ya vibao vya udongo, kumbukumbu za makarani wa mfalme Dario za miaka ya 509 hadi 493 KK. Hakuna vita humo. Kuna posho: shayiri kwa vibarua, mvinyo kwa fulani, unga kwa msafiri mwenye hati. Mwanamke mfanyakazi aliyejifungua alipewa posho ya ziada, aliyezaa mtoto wa kiume akipata maradufu ya aliyezaa wa kike. Dhulma iko pale pale, lakini imeandikwa. Karani wa Persepolis alimjua kibarua kwa tumbo lake. Sisemi vibarua wale walikuwa huru. Nasema tunajua walikula nini, na ya mhiloti wa Plataea hatujui.

Kutoka hapa ukitembea kuelekea bandarini utafika kwenye Mnara wa Askari, makutano ya Samora na Azikiwe. Uliwekwa mwaka 1927, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, mahali palipokuwa na sanamu ya gavana wa Kijerumani Wissmann. Maandishi yake, yaliyotungwa na Rudyard Kipling, yamo kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, na yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, yakiwaahidi waliokufa kwamba wana wao watakumbuka majina yao. Juu ya nguzo yuko askari mmoja na bunduki yake. Mnara wa Nairobi umemweka mpagazi pamoja na askari; wa kwetu, mji wenye Kariakoo, haukumweka. Na ahadi ya majina ilikuwa rahisi kuitoa. Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikuchukuliwa na mtu, kwa sababu ndugu zao hawakutafutwa, na fedha zikabaki serikalini. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, waliokufa wakiitumikia Uingereza katika vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Januari 2025 Cape Town ilizindua ukumbusho wenye majina zaidi ya 1,700 ya vibarua wa vita wa Afrika Kusini. Dar es Salaam bado.

Kuna atakayeuliza Wahiloti waliishia wapi. Miaka kama kumi na tano baada ya Plataea tetemeko kubwa liliibomoa Sparta, na Wahiloti wakaasi, wakajihami miaka mingi katika Mlima Ithome. Walishindwa. Mji wao wenyewe, Messene, waliupata mwaka 369 KK, miaka 110 baada ya kaburi la tatu. Sisi haikutuchukua hata nusu ya hapo. Mmoja wa waanzilishi wa African Association mwaka 1929, Kleist Sykes, alikuwa ameshika bunduki ya Lettow-Vorbeck katika vita vile, na nyumba ya chama hicho ilikuwa New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba, hapo nje. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikaundwa humo. Kati ya Kariakoo ya 1916 na mkutano ule, nani walibaki mjini baada ya kambi kuvunjwa, walipanga chumba kwa nani, walibeba mizigo ya nani sokoni, wana wao wakaingia chama gani: hiyo ni kazi ya mtafiti kijana, na angeanzia kwa wazee walioketi mstari huu wa mbele. Karibuni kwa maswali.